Sumaku Kwanza, Rangi Mwisho

Haya ni maneno yaliyosemwa Nakuru mbele ya mafundi na wenye magari ya zamani. Tumeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu wa Kisumu, Kakamega na Eldoret walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Wazee wetu, akina mama, mafundi wa jua kali, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha: hamjambo? Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Hamjambo? Sasa mmeamka.

Nianze na swali. Nani hapa ana gari la zamani lililofunikwa turubai nyuma ya nyumba? Nyoosheni mikono. Ni wengi, Mungu awasaidie. Haya, nani kati yenu alilipaka rangi kabla injini haijawahi kuwaka? Mbona mikono imeshuka? Mbona mnatazama viatu?

Hakuna wa kumcheka mwenzake. Pita gereji za Kibuye kule Kisumu, pita za hapa Nakuru, utaikuta Peugeot 504 inang'aa kama sahani ya harusi, viti vimeshonwa upya, na ukikanyaga breki pedali inazama mpaka sakafuni. Pesa ziliishia kwenye rangi. Mwenye gari anasema atamalizia breki mwezi ujao, na huo mwezi ujao una miaka minne sasa. Mpango wa kazi ndio uliomponza, kwa hiyo leo tutalizungumza gari kuanzia ndani kuja nje.

Tuanze na mtoto wa Kericho. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544. Ushindi huo kila mtu anaukumbuka. Kinachosahaulika ni kwamba Volvo ile haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kupigwa na mawe ya Safari ya mwaka uliotangulia. Mkweche! Lakini Joginder alishika spana kabla hajashika usukani wa mashindano, na mtu wa spana akinunua gari lililotumika hanunui rangi. Ananunua chuma.

Wewe utakijuaje chuma? Beba vitu vitatu: sumaku ndogo, bisibisi butu na tochi. Sumaku ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze, kisha ipitishe polepole sehemu ya chini ya milango, juu ya magurudumu na pembeni mwa kioo cha mbele. Penye chuma itang'ang'ania. Penye filla nene, ile lipu ya kuzibia mabonde, itateleza ianguke. Filla si dhambi. Filla ya milimita mbili au tatu juu ya chuma kizima ni kazi ya kawaida. Dhambi ni ile filla ya sentimita nzima iliyofunika tundu lililojazwa gazeti. Ndiyo, gazeti. Mafundi mnacheka kwa sababu mmeliona.

Halafu lala chini ya gari. Usimwagize kijana, lala mwenyewe. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia kengele, chuma kilichooza hulia kama boksi la viatu. Kwenye 504 na 404 tazama vizingiti vya milango, sakafu chini ya mazulia, na shimo la gurudumu la akiba ndani ya buti. Kwenye Datsun fungua uone nyuma ya mabawa ya mbele, pale matope yanaporushwa na gurudumu. Kwenye Ford Escort tazama vichwa vya shokabzoba ndani ya boneti na mahali springi za nyuma zinaposhikilia mwili.

Kwa nini hapo? Kwa sababu ya udongo wetu. Gari lililoishi Ahero, kwenye ule udongo mweusi wa Kano, hujaza matope ndani ya mabawa mpaka yakawa kama tofali. Nje gari linakauka kwa siku moja. Ndani tofali lile linashika unyevu wiki tatu, na chuma kinaoga humo mchana na usiku. Ndiyo maana kutu ya gari hutoboa kutoka ndani kuja nje, na kile kijipele unachokiona kwenye rangi ni ncha tu ya jipu. Ukikisugua kwa msasa na kupaka rangi juu, kitarudi kabla ya mvua za masika.

Dawa ya kutu ni kukata. Kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa, kisha ongeza sentimita mbili na nusu. Kiraka kiwe cha bati la geji 20, yaani milimita 0.9 hivi, kikae bapa kwa bapa na chuma cha gari kuliko kulaliana, maana penye kulaliana maji hujificha tena. Na tafadhali, ile mashine ya elektrodi ya kuchomelea mageti iacheni kwenye mageti. Kwa bati la mwili wa gari tumieni mig, ile mashine inayochomelea kwa waya, yenye waya wa milimita 0.6. Weka nukta, ruka sentimita tatu, weka nyingine, hamia upande wa pili. Subiri uweze kugusa kwa kidole ndipo urudi kati ya nukta. Anayevuta mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho atapata mlango wenye mawimbi kama Ziwa Victoria wakati wa upepo, na filla yote ya Nakuru haitamsaidia.

Vizingiti ndivyo vyenye hatari zaidi. Gari lisilo na chesi ya kusimama peke yake linategemea vizingiti kama nyumba inavyotegemea msingi. Tuchukue Datsun iliyoinuliwa kwa jeki mbili katikati. Fundi anakata kizingiti chote cha kushoto kwa mpigo mmoja, anakwenda kula, anarudi. Anachomelea kizingiti kipya, kazi safi kabisa. Akiishusha, mlango haufungi. Umebaki na pengo la kidole kimoja juu na hakuna nafasi chini. Gari limejikunja kama ndizi, na kizingiti kipya kimelikaza katika ule upinde. Alipaswa kufanya nini? Kuliacha gari likae kwa uzito wake juu ya magurudumu au juu ya stendi zilizowekwa chini ya ekseli. Kuchomelea mabomba mawili ya kushikilia ndani ya uwazi wa mlango kabla ya kukata. Kukata upande mmoja kwa vipande. Na kufunga mlango na kuufungua baada ya kila kipande. Ukiona nafasi imebadilika hata milimita mbili, simama.

Jambo dogo kabla hatujaondoka kwenye chuma. Kuna tabia ya kurashia chini ya gari oili chafu au dizeli baada ya kuosha, eti inazuia kutu. Chuma labda kitafurahi. Mpira hautafurahi. Oili huvimbisha bushi na mipira ya breki, na kesho unashangaa gari linayumba. Paka nta ndani ya mashimo ya vizingiti, zibua vitundu vya maji chini ya milango, na mpira uuache mkavu. Na namba ya chesi usiiguse kwa msumeno hata kama sehemu hiyo ina kutu; tengeneza pembeni yake. Ukibadilisha injini au rangi, logibuku ifuate. Ukipuuza hayo, gari lako zuri litalala kwenye yadi ya polisi.

Sasa injini. Nauliza: Nakuru iko juu ya bahari mita ngapi? Nani anajua? Mita kama 1,850. Na Kisumu? Kama 1,130. Na Timboroa, pale tunaponunua viazi tukienda Eldoret? Inapita mita 2,700. Wengi wenu mnazijua namba hizi kwa sababu ya baridi. Kabureta inazijua kwa sababu ya hewa.

Hewa ya hapa Nakuru ni nyepesi karibu kwa asilimia 18 kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa kiwandani karibu na usawa wa bahari haijui hivyo; inamwaga petroli nyingi mno kwa hewa pungufu. Matokeo ni mchanganyiko uliojaa petroli, plagi nyeusi kama sufuria ya ugali, na mafuta yanayoosha oili kwenye kuta za silinda. Nguvu nayo inashuka karibu kwa kiasi kilekile, na hiyo hakuna jeti, yaani kitundu cha kupimia petroli, itakayoirudisha. Usimlaumu fundi wako kwamba Escort ya nguvu za farasi mia moja haiwapati. Farasi kumi na nane wamebaki Mombasa.

Mfano wa karibu. Una injini ya cc 1600 yenye kabureta mbili za Weber DCOE za 40. Venturi, yaani koo la kupitishia hewa, za milimita 32 na jeti kuu za 125 au 130 ni mwanzo mzuri kwa pwani. Kwa Nakuru shuka namba moja au mbili: 120, pengine 115. Hewa ikipungua kwa asilimia 18, mchanganyiko unazidi petroli kwa asilimia kama tisa tu, na tundu la jeti likipungua kipenyo kwa asilimia tano umeshalipa deni hilo. Wanaoruka kutoka 130 hadi 100 wanapika pistoni.

Utajuaje? Endesha gari kwa gia ya tatu, mzigo mzito, kwenye mlima wa kuelekea Mau Summit kwa mfano. Zima injini hapohapo, klachi ndani, simama pembeni mahali salama, fungua plagi. Rangi ya biskuti, uko sawa. Nyeusi yenye masizi, jeti ni kubwa. Nyeupe kama chaki, jeti ni ndogo na uko hatarini. Usizisome plagi baada ya kulirudisha gari polepole mpaka nyumbani. Hapo unasoma habari za barabara ya mtaani.

Na hapa ndipo watu wa magharibi hujikwaa, sikilizeni vizuri. Kijana anaweka jeti zake Timboroa kwenye baridi, gari linaruka kama swala, anafurahi. Kesho yake anateremka hadi Kisumu. Ameshuka zaidi ya mita 1,500. Hewa imekuwa nzito, joto limepanda, petroli haitoshi tena, na taimingi, yaani wakati wa cheche, aliyoisogeza mbele kule juu sasa ni ya mapema mno. Injini inagonga ndani kama mtu anayetikisa kopo la misumari. Pistoni inapata tundu katikati. Kwa hiyo pima kwa mahali pa chini kabisa utakapofika. Afadhali moshi kidogo Timboroa kuliko tundu Ahero.

Petroli yenyewe pia ilibadilika. Tangu mwaka 2006 petroli yetu haina risasi, na tunashukuru kwa ajili ya watoto wetu. Lakini ile risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu kwenye hedi, yaani vifuniko vya silinda, za chuma cha kusubu, kama za Ford nyingi za miaka ya 60 na 70. Dalili ni hii: unaweka tapeti, yaani nafasi ya valvu, leo, baada ya kilomita elfu moja unakuta nafasi imepungua, unaweka tena, inapungua tena. Valvu ya egzosi inazama ndani ya hedi. Peleka hedi kwa fundi wa mashine atoboe na kuingiza viti vya chuma kigumu upande wa egzosi. Hedi za aluminiamu za Peugeot 404, 504 na Datsun nyingi zilitoka kiwandani na viti vya kuingizwa, kwa hiyo usitozwe pesa kwa kazi usiyoihitaji.

Kwa wenye 504 na 404 neno moja la kulala nalo. Silinda zake ni mirija inayokaa ndani ya maji, ikishikiliwa chini na sili na juu na hedi. Ukishaitoa hedi, usizungushe injini hata robo kabla ya kuifunga mirija kwa bolti na washa pana. Pistoni ikipanda inainua mrija, sili ya chini inapasuka, na maji yanaingia kwenye oili. Utafunga hedi mpya na gasketi mpya, utawasha, na kesho oili itakuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Na kabla ya kufunga, weka rula ya chuma juu uhakikishe kila mrija umechomoza kidogo kuliko bloku na wote wako sawa, kwa vipimo vya kitabu cha gari lako.

Tukiwa kwenye maji: hapa Nakuru maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Timboroa kama 91. Mama anayepika maharagwe kule juu anajua bila kipimajoto. Kwa hiyo kifuniko cha redieta, kile kidogo cha bei ya soda chache, ndicho kinacholiokoa gari mlimani. Kifuniko kizima cha shinikizo la pauni 13 kinasogeza kuchemka juu kwa nyuzi kama ishirini. Springi yake ikilegea, unachemka ukiwa na redieta mpya. Badilisha kifuniko kabla ya kubadilisha redieta, lakini usipande kutoka pauni 7 hadi 13 kwenye redieta ya zamani bila kuuliza, utapasua viungo vya risasi.

Na thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto! Nani amemtia fundi wa Kenya chuki hii na thamostati? Gari likipata joto, kitu cha kwanza kutupwa ni thamostati. Injini inaanza kufanya kazi ikiwa baridi, oili inajaa uchafu, silinda zinalika. Chemsha thamostati kwenye sufuria, tazama kama inafunguka. Ikifunguka, irudishe, na tafuta ugonjwa kwingine: feni, taimingi, redieta iliyoziba. Weka pia dawa ya redieta hata kama barafu hatuna, kwa sababu maji matupu yanakula aluminiamu.

Tupumzike kwa hadithi. Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari. Yaliyomaliza yalikuwa saba. Miaka mitano baadaye, 1968, yalianza 93. Yakamaliza mangapi? Saba tena! Na mshindi wa mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki, mara zote mbili ndani ya Peugeot 404. Je, 404 ndiyo iliyokuwa na mbio kuliko zote? Hapana. Lilikuwa gari la familia, la kwenda nalo kanisani. Lakini lilifika.

Kufika ni breki, ndugu zangu. Kufika ni mabomba, mipira na waya. Mnaujua mteremko wa Sachangwan. Hakuna haja ya kuusimulia, tumezika watu. Gari la zamani likiteremka pale na oili ya breki ya miaka kumi, ile oili imeshanyonya maji. Ikipata joto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa kama sifongo. Pedali inakwenda chini bila kukutana na kitu. Badilisha oili ya breki kila baada ya miaka miwili, DOT 4, kutoka kopo ambalo halijafunguliwa.

Mipira ya breki, ile mirija ya mpira inayopitisha oili, badilisha yote hata kama nje inaonekana mizima. Ndani huvimba na kufanya kama mlango wa kwenda upande mmoja: unakanyaga, oili inapita; unaachilia, hairudi. Gurudumu linabaki limeshikwa, dramu inanuka, na fundi anabadilisha laini bure mara tatu. Mabomba ya chuma yenye kutu yabadilishe kwa ya mchanganyiko wa shaba na nikeli ya milimita 4.75, ncha zikunjwe mara mbili. Shaba tupu hupindika kwa mkono vizuri, lakini hukakamaa kwa mtikisiko na kupasuka. Na kama gari lako lina masta silinda ya njia moja tu, fikiria kuweka ya njia mbili. Wenye kupenda uasilia watanung'unika. Waache.

Sasa nije kwa vijana, maana najua mnasubiri magari ya kujiundia. Waingereza huyaita "kit car", lakini tukiliandika kwa Kiswahili linakuwa "magari ya kiti", na watu wanadhani tunauza fanicha. Colin Chapman wa Lotus alianza kuuza Lotus Seven mwaka 1957. Gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, vipande havikutozwa. Kwa hiyo ukanunua vipande ukafunga mwenyewe. Husimuliwa kwamba maelezo ya kufunga yalikatazwa, wakakupa maelezo ya kulifungua gari, nawe ukayasoma kuanzia nyuma. Mnacheka, lakini akili hiyo si ndiyo ya jua kali? Na sisi wenyewe tulijaribu: Nyayo Pioneer iliundwa na watu wetu kuanzia mwaka 1986, magari yakatembea. Yaliyofuata mnayajua: hayakufika sokoni.

Fremu ya aina ya Seven ni mabomba ya mraba ya milimita 25 kwa 25, unene 1.6. Hapo kwenye unene ndipo mnapoibiwa. Ukienda dukani ukaomba geji 16, mara nyingine utapewa bomba la madirisha lenye milimita 1.2. Nenda na vernia yako, pima ncha zote mbili kabla ya kulipa. Tengeneza meza bapa ya mbao nene, chora fremu kwa ukubwa wake kamili, kata mabomba, yapange juu ya mchoro. Shika kila kiungo kwa nukta tu. Kila kiungo, fremu nzima, kabla ya kumalizia hata kimoja! Kisha pima pembe kwa pembe, kushoto juu hadi kulia chini, na kinyume. Tofauti ikizidi milimita mbili, kata nukta urekebishe. Ukishamalizia hakuna kurekebisha. Wakati wa kumalizia chomelea kiungo kimoja mbele kushoto, kinachofuata nyuma kulia, ili joto lisivute upande mmoja.

Injini na ekseli ya nyuma mtatoa wapi? Escort ndiyo iliyotumika Uingereza, lakini hapa imekuwa dhahabu. Anayekata Escort nzima kujiundia gari achapwe. Toyota DX, ile Corolla yenye kusukuma nyuma, ina injini mbele kwa urefu, giaboksi nyepesi na ekseli nyembamba. Chukua gari moja lililogongwa, pamoja na waya zake, propela shafti, pedali na usukani. Ukikusanya injini huku, giaboksi kule, difu kwingine, utatumia mwaka mzima kutafuta bolti za kuzikutanisha.

Mapambo nitayapita haraka, maana huko hamhitaji kuhimizwa. Magurudumu mapana yanayogusa bawa, hapana. Taa, ndiyo, lakini fanyeni hesabu. Taa nne za wati 100 ni wati 400. Gawanya kwa volti 12 upate ampea 33. Altaneta nyingi za zamani hutoa 35 zikiwa na afya. Bado hujawasha taa za kawaida wala wipa. Weka altaneta ya ampea 60 kwanza. Kila jozi ya taa ipate rilei yake, ile swichi inayobeba umeme mkubwa, fyuzi ya 25 karibu na betri, na waya wa milimita nne za mraba. Swichi ya dashibodi ibebe rilei tu. Ukiipitishia ampea 17, utanusa plastiki kabla ya kufika Gilgil. Anayetaka ile Halda ya zamani ya kupimia kilomita, kumbuka gia zake ndogo za ndani zinabadilishwa kulingana na tairi na difu yako. Halda iliyotoka kwenye gari lingine itakudanganya kila kona.

Kinga ya chini ya injini iwe aluminiamu ya milimita tano au sita, ifungwe kwenye chesi, iachwe wazi nyuma ili matope na joto vitoke, na iwe na tundu la kumwagia oili. Ukisahau hilo tundu, fundi wako atakulaani kila kilomita elfu tano.

Jambo la mwisho halina mzaha. Kizimba cha ndani, yale mabomba ya kuwakinga watu gari likipinduka. Bomba la maji si bomba la kizimba! Nimerudia mara ngapi? Bomba la maji si bomba la kizimba! Upinde mkuu ni bomba lisilo na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Kila mguu ukae juu ya sahani ya chuma ya milimita tatu iliyochomelewa sakafuni, yenye eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba, na bolti tatu za M8 zenye alama 8.8. Na ile sakafu iwe ile tuliyoigonga kwa bisibisi asubuhi. Bomba bora duniani likikanyaga kutu, gari likipinduka mguu unapita sakafuni kama kisu kwenye mkate. Sehemu inayoweza kugusa kofia yako ifungwe sponji ngumu, si godoro.

Ukishamaliza yote, endesha kilomita 50, rudi, kaza kila nati ya magurudumu, springi na propela. Endesha 500, mwaga oili, kaza tena hedi kama kitabu kinataka. Hapo ndipo umwite fundi wa rangi.

Maswali mtaniuliza huku tukitembea. Nje chini ya mjakaranda kuna 504 ya bluu ambayo mwenyewe amekubali tuipekue. Anasema haina kutu hata kidogo. Boneti iko wazi. Mwenye sumaku aje mbele.